Mgeuza Mayai wa Temeke

Baada ya miaka thelathini na moja kazini, Mzee Nassibu bin Salumu anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1957, na chumba cha mayai cha shamba letu la kuku hapa Temeke kinabaki bila mwenyewe. Nimeombwa mimi, Gaspar, karani wa shamba, niandike wasifu wake kwa ajili ya sherehe. Wameagiza uwe mfupi na wa kuchekesha. Kuchekesha nitajaribu.

Aliajiriwa mwaka 1926 kufagia mabanda. Haukupita muda, mashine ya kwanza ya kutotolea mayai ikashushwa melini, na hakuna aliyetaka kuikaribia. Lilikuwa sanduku la mbao lenye taa ya mafuta ubavuni, beseni la maji chini na matundu ya hewa. Watu walinong'ona kwamba kifaranga asiye na mama ni jini. Nassibu akasema jini naye akitaga, mayai yake yataliwa vilevile, akachukua kibiriti akawasha taa.

Tangu hapo akaitwa Mama Vifaranga, na jina hilo hakulikataa. Joto la yai alilipima kwa kuligusisha kwenye kope la jicho, ingawa kipimajoto kilikuwapo. Mayai aliyageuza alfajiri, adhuhuri na magharibi, maana yai lisilogeuzwa, kilichomo hunata kwenye ganda kikafa. Mkono ukazoea. Kwenye harusi ya binti yake, alipoletewa sinia la pilau mbele ya wakwe, aliligeuza kwanza nusu duara, ndipo akasema bismillahi. Wakwe nao, watu wa adabu, wakaligeuza la kwao.

Siku moja ya mwaka 1947, wakati wa mapumziko, niliwasomea wenzangu gazeti kibarazani. Mtaalamu mmoja aliandika kuhusu sayari, ipi inaweza kubeba uhai na ipi haiwezi. Isiwe karibu mno na jua ikaungua, wala mbali mno ikaganda. Iwe na maji. Iwe na uzito wa kuizuia hewa yake isipeperuke. Tena izunguke, ili upande mmoja usichomwe daima na wa pili usikae gizani daima. Mwezi, aliandika, hauna hewa wala maji. Hakuna kinachoishi huko. Wenzangu walikuwa wanasinzia. Mzee Nassibu alikuwa amesimama mlangoni na yai mkononi, na uso wake ulikuwa umebadilika.

Aliniomba nisome tena. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama mle gazetini wamesema nani anayegeuza. Nikamwambia dunia hujizungukia yenyewe. Akasema katika maisha yake hajaona yai lililojigeuza. Alikwenda zake, halafu akarudi na swali jingine, nalo ndilo lililoniharibia usingizi.

"Kama mwezi ni yai viza, Karani, mbona halijatolewa?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Mayai viza alikuwa akiyatoa upesi, yasije yakapasuka yakaharibu mengine. Tangu siku hiyo, kukiwa na mbalamwezi, alitembea na mwavuli uliofunguliwa, nasi tukamtania hadi tukachoka.

Utani uliisha Oktoba 1948. Auleria, mke wangu, alijifungua kabla ya miezi kutimia. Mvua za vuli zilikuwa zimelizamisha gari la shamba kwenye matope ya Keko, na hospitali iko mjini. Aliyemzalisha ni Bi Mwamvita, mkunga, mke wa Mzee Nassibu. Mtoto alienea kwenye viganja vyake, hana nguvu ya kulia, na joto lilimtoka hata tulipomfunika nguo zote za nyumbani. Bi Mwamvita hakunificha: bila joto, huyu hafiki kesho. Mumewe, aliyekuwa amesimama nje, akasema mtoto apelekwe chumbani kwake.

Kanuni ilikataza mtu yeyote kulala mle, naye angeweza kufukuzwa kazi. Hakumwuliza mtu. Alimlaza katika sanduku la kulelea vifaranga, juu ya pamba, taa pembeni, maji kwenye beseni, tundu la hewa wazi. Auleria alikamua maziwa, tukawa tunayadondosha kinywani kwa utambi wa pamba. Na kila alipogeuza mayai, Mzee Nassibu alimgeuza na mtoto. Tulimwita Tekla. Kwa hofu tuliyokuwa nayo tulimbatiza wenyewe, kwa maji ya beseni lilelile.

Tarehe mosi Novemba, Sikukuu ya Watakatifu Wote, jua lilipatwa asubuhi. Mwanga ukawa wa kijivu, kuku wakarudi mabandani kulala, majirani wakakimbilia msikitini kuswali. Mle chumbani kulikuwa na mayai yaliyokaribia kuanguliwa, na tangu alfajiri vifaranga walikuwa wakilia ndani ya maganda. Wakanyamaza wote, kwa pamoja. Walikuwa gizani tangu mwanzo, jua walilijuaje? Tekla naye akanyamaza. Kifua chake kikatulia.

Auleria alitaka kupiga ukunga, Mzee Nassibu akamwashiria asifanye hivyo. Akamtoa mtoto sandukuni, akamwinua dirishani kwenye ule mwanga mchovu, vilevile anavyoinua yai mbele ya taa kutazama kama lina uhai. Lakini hakuwa akimtazama mtoto. Alitazama juu, kwa adabu, kama mtu anayemwonyesha mkubwa wake kazi.

"Tunapimwa," alisema. "Msimsogelee."

Tukabaki hivyo, sijui kwa muda gani. Nilikuwa naomba na sikumbuki nilikuwa namwomba nani. Mwanga ukaanza kurudi. Yai moja likalia, likafuata jingine, kisha trei nzima, ndipo mwanangu akalia. Mzee Nassibu akamgeuza upande wa pili, akamrudisha kwenye pamba, akatoka nje akatapika.

Kazi zake nyingine mnazijua. Vifaranga wake wako Ubungo na Kigamboni, na vijana aliowafundisha wanaendesha mashine hata mikoani. Mwezi huu tumeletewa mashine ya umeme inayogeuza mayai yenyewe. Aliitazama kutwa nzima, akasema ni nzuri, akauliza kama ina mtu wa kuitazama.

Tekla ana miaka minane sasa, mzima, mtundu. Ila kila magharibi, popote alipo, hata akiwa katikati ya mchezo, husimama, hugeukia upande wa pili, kisha huendelea. Hakufundishwa na mtu. Wiki iliyopita aliposikia Mzee Nassibu, anayemwita babu, anahamia Kigamboni, alilia, akamwuliza sasa nani atakuwa anamgeuza. Mzee Nassibu alichuchumaa wakawa sawa kwa kimo.

"Kwani ulidhani ni mie?"

Mzee wetu, asante. Mimi na Auleria tutakufa na deni hili, na tunalipenda. Huko uendako tunakuombea joto la kadiri, maji karibu na hewa tele. Na mkono ule unaogeuza, hata uwe wa nani, usikusahau wewe kabla ya kutusahau sisi.