Chafya Niliyoifinya Paredi

Ilianza Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, tukiwa paredi shuleni, macho yamefungwa kwa maombi. Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Yesu. Nimeandika haya kwa daftari kwa sababu nikisimama mbele yenu bila karatasi nitalia.

Baridi ya asubuhi hunipigisha chafya. Siku hiyo niliona haya kuwaharibia watu maombi, nikafinya pua na kufunga mdomo. Kitu kikapasuka ndani ya sikio la kushoto. Uchungu, halafu maji, halafu kimya.

Mama akanitilia mafuta ya vitunguu saumu yenye joto kidogo, vile sisi hufanya. Sikio likaanza kutoa usaha. Jumapili mkaniombea hapa hapa kanisani Makongeni. Mchungaji akaniziba sikio la kulia kwa kiganja, akauliza, "Sasa unasikia?" Nilisoma midomo yake, nikaitikia kwa kichwa. Mkapiga makofi. Mama akacheza mpaka kitambaa chake kikaanguka.

Ndugu zangu, sikio la kushoto halikuwa linasikia. Ningemwambia mama vipi baada ya kumwona hivyo? Nikaendelea kuitikia kwa kichwa. Darasani wakaniita Madharau, eti naitwa siitiki.

Jumamosi moja nilikuwa kwa cucu, mama ya mama yangu, huko Gatongora. Tulikuwa tunachambua maharagwe, yeye upande wangu wa kushoto. Akanigusa bega, nikageuka.

"Wewe, nimekuitisha sufuria mara tatu. Umenikasirikia ama hunisikii?"

"Sikusikii upande huo, cucu."

"Tangu lini?"

Nikamwambia yote, hata ya makofi.

"Mungu hajakutuma umdanganyie," akasema. "Mwambie mama yako leo."

Nikamwambia. Alhamisi tukaenda hospitali Thika. Daktari aliangalia sikio, kisha akaniambia nikunje kidole gumba. Kikapinda kupita kiasi mpaka kikalala kwa mkono, chini ya kiganja, vile wenzangu huchekea. Akasema nimezaliwa na nyuzi dhaifu, zile zinazoshikanisha mwili, na hali hiyo ni ya ukoo. Ndiyo maana ngoma ya sikio ilipasuka kwa chafya tu, na haijaziba. Mafuta yasitiwe tena. Huenda nikawekwa kiraka hapo palipopasuka. Chafya nisizuie kamwe.

Mama akajaribu kidole chake. Kikalala pia. Akanishika mkono, hakunigombeza.

Sikio bado halijapona. Lakini nimetolewa kwa uongo, na huo ndio ulikuwa mzito. Asanteni kwa kuniombea, na mnisamehe. Kama kuna mwenzangu hapa aliyeitikia kwa ajili ya makofi, Mungu anajua na hajamwacha. Aambie mtu mmoja.

Ijumaa, siku moja baada ya hospitali, katikati ya maombi ya paredi, baridi ikanipata tena. Nikapiga chafya mdomo wazi. Paredi nzima ikageuka. Nikasema, "Samahanini," halafu maombi yalipoisha nikaenda kwa mwalimu wa zamu, nikamwonyesha sikio linalosikia, ili akiniita aite upande huo.