Mzee Saturnini Nambole, Aliyeiogopa Damu Yake

Ndugu waombolezaji, huyu tunayemzika leo hapa Narung'ombe, Jumatano tarehe 16 Agosti 2006, wengi wenu mlimjua kama katekista wa Ruponda. Baadhi mlimjua kwa jina la utani ambalo leo halitatajwa. Wasifu huu umeandikwa na bintiye mkubwa, Winfrida, mwalimu wa shule ya msingi wilayani Ruangwa, na ndiye anayeusoma. Mkisikia sauti inamtetemeka, si majonzi peke yake. Anaogopa, na sababu mtaisikia.

Marehemu Saturnini Augustino Nambole alizaliwa Chiola tarehe 29 Novemba 1938, akabatizwa kwa jina la mtakatifu wa siku hiyo. Mama yake alikuwa Mmwera wa palepale. Baba yake, Augustino, alikuwa Mmakua aliyevuka Ruvuma kutoka Msumbiji na jembe moja na hadithi moja: kwamba babu zake walikuwa wachuuzi waliotoka mbali kaskazini, ng'ambo ya bahari, na hawakula nyama waliyochinjiwa na mtu mwingine. Watu wa Chiola walimsikiliza, wakacheka, wakampa kipande cha shamba apande mihogo.

Marehemu alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1947 hadi darasa la nane mwaka 1954. Katikati ya masomo hayo, mwaka 1951, aliingia jandoni, na humo akampata Abdala, rafiki yake wa maisha, ambaye baadaye alikuwa mwalimu wa madrasa. Hawa wawili walibishana miaka hamsini na mitano. Mabishano yao makubwa yalikuwa juu ya mtoto yupi wa Ibrahimu alipelekwa kuchinjwa, Isaka au Ismaili. Walibishana wakipalilia, wakibangua korosho, hata wakiwa foleni ya salfa ya kupulizia mikorosho. Siku moja walinogewa mpaka mbuzi wa Abdala wakamaliza kunde zote za mama yetu, na mama akawaambia kwamba Mungu alimwokoa mtoto wa Ibrahimu lakini kunde zake hakuna aliyeziokoa.

Alifunga ndoa na mama yetu, Rosa, binti wa hapa Narung'ombe, tarehe 6 Juni 1964. Walijaliwa watoto wanne: Winfrida, Letisia, Dickson na Jonasi. Alikuwa ameshaanza ukatekista katika kigango cha Ruponda mwaka 1963, kazi aliyoifanya miaka thelathini na sita. Alifundisha, alizika, alipatanisha wenye ndoa, na kwenye Jumapili ya Matawi, padre akisoma sehemu ya Yesu, yeye alisoma sehemu ya umati. Sauti alikuwa nayo, jamani. Akipaza ile ya kutaka asulubiwe, watoto walijificha kwenye kanga za mama zao.

Mwezi Agosti 1996 walifika Ruponda daktari mmoja na mwanafunzi wa chuo kikuu. Walikuwa wanafuatilia hadithi za asili za watu waliotoka Msumbiji, na walitaka kupangusa mashavu ya wanaume kwa ndani, kwa pamba, wakapime mbegu ya upande wa baba. Kijiji kilitawanyika. Watu walisema ni mumiani, wameanza na mate, watamalizia na damu. Marehemu akaona aibu mbele ya wageni. Akaketi kwenye kigoda, akafumbua kinywa, akawa wa kwanza, ili watu waone kwamba hakuna la kuogopa.

Barua ilifika tarehe 19 Machi 1999, kwa Kiingereza. Aliendesha baiskeli hadi Ruangwa ili Winfrida amsomee. Ilisema kwamba alama iliyoonekana kwake inaonekana pia kwa wanaume wengi wa Kiyahudi wa ukoo wa makuhani. Kwamba hilo peke yake halithibitishi kitu, ila linakubaliana na hadithi ya baba yake. Winfrida alifurahi. Alimwambia baba yake kwamba kumbe ni wa nyumba ya Haruni, akabandika chai. Yeye hakufurahi. Aliuliza jambo moja tu: alicho nacho yeye, na watoto wake wanacho? Winfrida, kwa haraka zake za ualimu, akajibu kwamba mtoto hubeba damu ya baba, hilo halina mjadala. Laiti angeinywa chai yake akanyamaza.

Siku tisa baadaye ilikuwa Jumapili ya Matawi, na mwaka ule ilisomwa Injili ya Mathayo. Marehemu alifika pale ambapo umati unakubali damu ya Yesu iwe juu yao na juu ya watoto wao. Akakwama. Padre alimtazama, waamini wakamtazama. Jasho lilikuwa linadondokea kitabuni. Mwishowe aliyasema yale maneno kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, akafunga kitabu, akatoka nje kabla ya mahubiri.

Tarehe 11 Mei 1999 ndugu yetu Letisia alifariki akijifungua, yeye na mtoto. Watu walimpa baba pole ya msiba, na yeye akawajibu, "Nimemsomea mwenyewe." Hatukumwelewa. Tulidhani ni uchungu. Baadaye alimweleza mama: miaka yote ile, kila zamu ya Mathayo ilipofika, alikuwa anawatamkia watoto wake laana kwa kinywa chake, kanisani, kwa sauti kubwa, na damu ya wale walioitamka ndiyo damu yake.

Padre alikuja nyumbani mara tatu. Alimweleza kwamba Kanisa lilishakataza zamani Wayahudi kubebeshwa kifo cha Yesu, kwamba Yesu mwenyewe na mama yake walikuwa Wayahudi, na kwamba nabii Ezekieli anasema mtoto hatabebeshwa kosa la baba. Marehemu aliitikia ndiyo, baba, ndiyo, baba. Mwezi Juni akarudisha funguo za kigango. Jonasi alipopata mtoto wa kwanza, marehemu alikataa kumpakata. Alisimama mlangoni, mikono ameificha nyuma, akasema mtoto ni mzuri.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na siri ya barua ilivuja vilevile. Mwaka 2001 kulikuwa na mihadhara Nachingwea, ile ya hadharani, Waislamu na Wakristo wakishindana kwa vitabu na vipaza sauti. Mgeni mmoja akatangaza kwamba Ruponda kuna katekista Myahudi anajificha, aletwe ajibu. Vijana walianza kumtafuta, na marehemu alikuwa palepale na mama yetu, kashika mfuko wa dagaa. Aliyepanda jukwaani ni Abdala, wa upande uleule wa mgeni. Alichukua kipaza sauti akasema, "Huyo tumetahiriwa siku moja, kwa kisu kimoja. Mwenye neno naye aanze na mimi." Kisha akasema kwamba katika Kurani pia hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine, na kama vitabu vyote viwili vimekubaliana, kilichobaki ni ujinga wa watu. Vijana wakaacha kumtafuta. Njiani kurudi marehemu alimwambia mama kwamba sasa ndiyo anaogopa zaidi, kwa sababu Abdala hajawahi kukubaliana naye tangu jandoni, na akikubali leo basi ni huruma tu kwa mtu aliyekwisha kuhukumiwa.

Alianza kuumwa ini mwaka 2005. Alilazwa hospitali ya misheni mara mbili, kisha mama akamleta hapa kwao Narung'ombe. Alhamisi iliyopita kaka yake mama, mjomba wetu Modest, aliketi kitandani pake. Mjomba kachoka kuona mtu anakufa kwa woga. Akamwambia, "Shemeji, kwa mila zetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Hawa ni wetu, hawajawahi kuwa wako. Kama kuna laana, ogopa peke yako."

 Marehemu akavuta pumzi, akalala usingizi mzito mchana kutwa, usingizi ambao hakuwa ameupata kwa miaka saba. Mama alilia kwa furaha. Alipoamka alimwita Winfrida akamwuliza, "Kwa hiyo mimi sina mtoto?"

Winfrida alichukua ndoo. Akisema anao, anamrudishia woga wake. Akisema hana, anamzika mtu mgumba aliyelea watoto wanne. Alikwenda kuchota maji, na maji yalikuwamo ndani. Marehemu hakuuliza tena. Alifariki Jumatatu tarehe 14 Agosti, saa nne asubuhi.

Jana mjomba Modest aliagiza wasifu huu utaje watoto kwa ukoo wa mama pekee, ili kitu kisije kikamfuata mtu kutoka kaburini. Ni mkubwa wetu, na anatupenda. Padre anasema hakuna kitu cha kumfuata mtu. Winfrida anamwamini padre, na bado jana aliandika, akafuta, akaandika tena, kwa sababu anao watoto watatu wanaomsikiliza hapa mbele. Lakini swali liliulizwa, na lazima mtu alijibu kabla udongo haujarudishwa.

Marehemu ameacha mjane, Rosa. Ameacha watoto watatu, nao ni wa kwake: Winfrida Saturnini Nambole, Dickson Saturnini Nambole na Jonasi Saturnini Nambole. Letisia Saturnini Nambole, ambaye pia ni wa kwake, amemtangulia. Ameacha wajukuu saba wa damu yake.

Ndiyo, baba, unao. Liwalo na liwe juu yetu. Wewe pumzika, usiogope tena.