Elwood Tahmis na Kivuko Namba 143

Nilisema sitaki. Nilimwambia mjukuu wangu Tessie aliyekuja na kompyuta mezani kwangu, nikamwambia mchungaji, nikamwambia na Lorene binti wa marehemu, kwamba mtu aliyeishia darasa la sita hapewi karatasi asome mbele ya watu, tena kwa macho haya, lakini Lorene akanijibu, "Shangazi, nani mwingine alikuwepo alipozaliwa?" nikawapitia wote kichwani mmoja mmoja, nikaona wamekwishatangulia kule kilimani tunakompeleka leo. Basi nasoma. Karatasi hizi zina taratibu zake, marehemu huitwa marehemu, dada yake huitwa dada yake, nami nitamwita huyo dada kwa jina lake, Verna, kana kwamba ni mgeni, kwa sababu kuna mahali mbele huko ambapo kumsema mgeni ni rahisi kuliko kujisema.

Marehemu Elwood James Tahmis alizaliwa tarehe 9 Machi 1944, katika nyumba ya mbao iliyo pale Kijito cha Mierezi kinapoingia Mto Tahluk, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Amos na Ada Tahmis, akitanguliwa na dada yake Verna, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne, na ambaye alipoonyeshwa mtoto alisema arudishwe alikotoka, ana uso wa chura. Baba yao alichukuliwa na mto tarehe 2 Desemba 1951 akitoa nyavu, mama yao akafa kwa kifua kikuu tarehe 17 Mei 1956, na Verna, akiwa na miaka kumi na sita, akaingia kiwanda cha kusindika samaki, akasimama kwenye maji ya baridi mpaka magotini ili mdogo wake ale na avae. Wengine hapa mmelelewa hivyohivyo, kwa hiyo hamhitaji kuambiwa kwamba kwetu neno la dada mkubwa aliyekulea halipimwi kwa utepe, ukishaambiwa na dada umeambiwa.

Marehemu alisoma shule yetu ya hapa kijijini kuanzia mwaka 1950 hadi 1958, kisha akaenda sekondari ya mjini, ambako alijifunza hesabu vizuri na kunyamaza vizuri zaidi, akaacha mwaka 1961 kwa hiari yake, asiseme mtu kwamba alifukuzwa. Alichukuliwa jeshini Februari 1964, akarudi Machi 1966 akiwa na vidole vyote, na Aprili mwaka huohuo akaajiriwa na kampuni ya kukata miti, kazi yake kufungua barabara msituni, na kila barabara ilipokutana na kijito yeye ndiye aliyelaza kalvati la bati, akalifunika udongo, akasonga mbele. Alilaza makalvati mengi asiyokumbuka idadi yake, na moja alilolikumbuka ni lile la Septemba 1972, alilomlazia Verna na mumewe Harlan kwenye Kijito cha Mierezi ili gari lao lifike mlangoni, akakataa hata chai, akasema, "Hii ni zawadi, dada, usiniharibie."

Alifunga ndoa na Marietta Skow tarehe 20 Juni 1970, mwanamke mcheshi aliyeongea kwa niaba ya wote wawili, wakajaliwa mtoto mmoja, Lorene, aliyezaliwa tarehe 8 Agosti 1973, ambaye yuko hapa mbele pamoja na mumewe. Marietta alifariki tarehe 12 Februari 2004, na kuanzia siku hiyo nyumba ya marehemu ikawa na kikombe kimoja mezani, hata tulipomletea vingine alivipanga kabatini vikiwa vimefunikwa.

Nimeruka kazi yake ya pili, ambayo ndiyo iliyowaleta wengi wenu. Mwaka 1989 marehemu aliingia ofisi ya samaki ya kabila letu, kwa sababu samoni walikuwa wamepungua hadi wazee wakaanza kugawana vichwa, na mwaka 1998 akapewa kazi ya kupima bonde zima la Mto Tahluk, kila kijito, kila mahali barabara inapovuka maji, aandike kama samoni anaweza kupita kwenda kutaga au amezibiwa. Alitembea miaka mitano, peke yake, na fimbo yenye alama za sentimita, utepe, na daftari la kuandikia kwenye mvua, akiinama kwenye kila kalvati kupima maji yanaanguka kutoka kimo gani yanapotoka, kwa kuwa ukilaza bomba leo likiwa sawa na maji, maji yatachimba chini ya mdomo wake mwaka hadi mwaka mpaka bomba lining'inie hewani, na samoni aliyetoka baharini anafika hapo anaruka, anagonga bati, anaanguka, anaruka tena mpaka anakufa na mayai yake tumboni. Aliporudi jioni moja Marietta alimuuliza ameona nini huko, akajibu, "Nimeona kazi zangu," akaenda kuoga.

Alihesabu vivuko mia mbili na kumi na viwili. Kila kivuko kilikuwa na ukurasa wake daftarini, na chini ya kila ukurasa mistari miwili, mmoja unaosema Samaki, mwingine unaosema Chanzo, yaani habari hii umeitoa wapi, na katika vivuko mia mbili na kumi na kimoja marehemu aliandika kwenye mstari wa Chanzo maneno yaleyale, nimeona mwenyewe.

Kivuko namba 143 ni cha Kijito cha Mierezi, kwenye barabara ya Verna. Marehemu alifika hapo tarehe 14 Oktoba 2002, mvua za vuli zilikuwa hazijaanza, samaki bado wako mtoni chini wanangoja maji, na badala ya kurudi wiki tatu baadaye kama alivyorudi kwingine kote, aliingia jikoni kwa dada yake, akapewa mkate wa kukaanga na samaki wa moshi, akauliza, "Dada, siku hizi wanafika hapa?" na Verna akamjibu akiwa amempa mgongo, "Samaki gani? Tangu Harlan augue sijaona hata mkia. Kula, mkate unapoa."

Verna alikuwa amewaona. Alikuwa amewaona kila Novemba, alikuwa amewasikia. Lakini Harlan alikuwa amepigwa na kiharusi na figo zake zimekwisha, alipelekwa mjini kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na Verna alijua kwamba kivuko chenye samaki kinawekwa juu ya orodha ya matengenezo, kinachimbuliwa kiangazi kizima, na barabara ni hiyo moja tu, na mwanamume wa kilo tisini hapitishwi kwenye gogo. Hakuona haja ya kumweleza mdogo wake yote hayo, ingawa kama angemweleza, mdogo wake angembeba Harlan mgongoni kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Marehemu alikula, akashukuru, akaandika ukurasa wa 143, Samaki, hakuna, Chanzo, dada.

Harlan alifariki tarehe 19 Januari 2007, na barabara haikuhitajika tena na mgonjwa yeyote, na Verna hakusema neno. Tarehe 11 Novemba 2009 marehemu alimpelekea dada yake kuni, akazima gari kwenye kivuko, akasikia du, kimya, du, kama mtu anayegonga mlango wa bati kwa ngumi, akashuka. Alisimama hapo muda ambao kikombe cha kahawa kinatosha kupoa, kwa kuwa Verna alikuwa dirishani na chake kilipoa, kisha akaleta kuni, akazipanga zote vizuri ukutani, akauliza mlangoni bila kuvua kofia, "Dada, ulijua?" Verna akasema, "Nilijua." Akaenda zake.

Sasa watu wa ofisini mnaonisikiliza mtajiuliza kwa nini hakurekebisha ukurasa. Asingeweza kuurekebisha bila kuandika kwamba aliyemlea ni mwongo, na karatasi hizo zinasomwa kwa sauti kwenye baraza la kabila. Aliuacha kama ulivyo, na kila Novemba kuanzia mwaka huo akaja na ndoo mbili na gunia lililoloweshwa, akawatega samoni chini ya bomba kwa wavu wa mkono, akawapandisha mmojammoja kupitia juu ya barabara mpaka maji ya upande wa pili, ofisini akisema daktari amemshauri atembee kwa ajili ya moyo. Alifanya hivyo misimu kumi na mitatu, akaandika hesabu yao nyuma ya daftari, samaki mia nne na wawili, na kwa misimu yote hiyo hakuingia ndani. Verna alimwekea kahawa juu ya nguzo ya geti, alipoirudia alikuta kikombe kimenywewa, kimeoshwa kijitoni, kimefunikwa. Mwaka mmoja alimwekea hapo bakuli la supu ya chaza, bakuli likarudi geti hilohilo likiwa jeupe, tupu, na sisi sote hapa tunajua kwamba chombo cha mtu hakirudishwi kitupu.

Tarehe 20 Novemba 2021, akiwa na miaka sabini na saba, marehemu alianguka juu ya barabara hiyo na ndoo zake, Verna akatoka na shali mabegani, na jambo la kwanza marehemu alilosema baada ya miaka kumi na miwili lilikuwa, "Niache mimi, mtie huyo majini kwanza," basi Verna akamkumbatia samoni aliyekuwa akirukaruka kwenye kokoto, akampeleka upande wa juu, akateleza, akalowa mpaka kiunoni, na marehemu, amelala chali, akacheka. Hospitalini walimpima nyonga wakakuta ini, na tarehe 3 Desemba 2021 tukaambiwa ni saratani.

Mnamo Januari 2022 Verna alikwenda barazani, akasimama, akasema kwamba samaki wamerudi Kijito cha Mierezi, baraza likafurahi, kivuko kikapandishwa juu ya orodha, na Agosti bomba likang'olewa na daraja likawekwa. Usiku wa baraza hilo simu ililia nyumbani kwa Verna. "Nimesikia umekwenda barazani." "Nimekwenda." "Umesema nini?" "Nimesema samaki wamerudi." Marehemu akasema, "Hawakuondoka, dada," akakata.

Vuli hiyo mvua iligoma. Septemba ikaisha, Oktoba ikaanza kuisha, vijito vikawa mawe matupu, na marehemu akalazwa hospitali ya mjini tarehe 15 Oktoba, hali chakula wala hasemi ila kuuliza kila anayeingia kama wamepita chini ya daraja. Tarehe 26 Verna alikaa naye mchana kutwa, akamwona anavyohesabu pumzi, akamshika mkono, akamwambia, "Wamepita, Elwood. Jana. Nimewaona saba." Marehemu akageuza kichwa polepole akatazama dirisha, anga la buluu, vumbi kwenye maegesho ya magari, akatabasamu kama anavyotabasamu mtu aliyekutwa na jambo alilolizoea. "Dada," akasema, "mvua haijanyesha." Hakusema jingine kwake tena. Alifariki Jumamosi tarehe 29 Oktoba 2022, saa mbili asubuhi, Lorene akiwa amemshika miguu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya tatu, hasa yule dada mfupi aliyekubali kusogeza kitanda kikatazame nje, inawashukuru majirani waliochoma samaki na kuleta viazi tangu Jumapili, wenzake wa ofisi ya samaki waliochonga sanduku hili la mwerezi kwa mikono yao, mchungaji, na wachimbaji wa kaburi waliochimba udongo umelowa.

Umelowa, ndiyo. Mvua ilianza Jumatatu, siku mbili baada yake. Lorene alinipa daftari la baba yake, akasema ameagiza nipewe mimi, na juzi Alhamisi asubuhi nilishuka nalo mpaka darajani na fimbo yangu, nikakaa kwenye jiwe kama alivyokuwa akikaa, na wakaja, weusi migongo, wekundu ubavuni, wakapita chini yangu bila kugonga chochote. Nilihesabu kumi na tisa. Nilifungua ukurasa wa 143 nikafuta kwa mstari mmoja, ili cha zamani kisomeke, nikaandika, Samaki, wapo, kumi na tisa, Chanzo, nimeona mwenyewe, nikageuka kumwambia mtu.

Verna ni mimi. Nilimdanganya mara mbili, ya kwanza akaniamini, ya pili hakuniamini, na ya tatu, iliyo kweli, hapakuwa na wa kuambiwa. Hayo ndiyo malipo, nimeyalipa Alhamisi kwenye jiwe, naona nitaendelea kuyalipa kila vuli niliyobakiziwa, na ninyi nyote ni mashahidi.

Lala pema, mdogo wangu. Mvua imenyesha.