Kovu la Mzee Tulia, Mpiga Picha

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, na ninyi mlioinua simu juu tangu jeneza lilipoingia, familia imemteua mpwa wa marehemu, binti wa dada yake, awasomee historia hii, kwa sababu, kama alivyosema kaka mkubwa wa marehemu mbele ya kikao kizima, "huyo ndiye mwenye nafasi", kauli ambayo mtu mwenye shahada ya mawasiliano na karibu miaka minne ya kukaa nyumbani anaipokea kwa unyenyekevu wote unaostahili. Kabla ya kuanza mnaombwa mtazame picha iliyosimama kushoto kwa jeneza, mzee mwembamba ameketi mlangoni, kovu chini ya jicho, na mlango umeinamia kulia kana kwamba nyumba inazama, kwa maana picha hiyo imegombaniwa siku tatu katika familia hii, na atakayesikiliza hadi mwisho ataelewa kwa nini imesimama hapo, na kwa nini nyingine, nzuri kuliko hiyo, imebaki nyumbani imegeuziwa ukuta.

Marehemu, ambaye karibu nyote mlimwita Mzee Tulia, alizaliwa Jumapili tarehe 3 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa nne kati ya sita, baba yake akiwa seremala wa mabehewa na mama yake mshonaji wa sare za shule, na dada zake husimulia kwamba alikuwa mtoto wa kukodoa macho, ukimkalisha mahali anatazama vumbi likielea kwenye mwale wa jua uliopenya tundu la bati, mpaka anasahau kwamba alikuwa analia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1964 hadi 1970, na sekondari kuanzia 1971 hadi 1974, ambako katika fizikia aliongoza darasa kwenye mada ya mwanga, na masomo mengine yote akayafeli bila upendeleo, jambo ambalo halikumzuia kupata kazi miezi miwili tu baadaye, na wenye vyeti vya kujaza begi hapa wanalitafakari hilo kimya kimya.

Tarehe 13 Januari 1975 aliajiriwa kuosha trei za dawa katika chumba cha giza cha studio moja ya picha, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la viatu, na kwa miaka miwili mizima mwenye studio hakumruhusu kugusa kamera, ila kila asubuhi alimsimamisha mlangoni na kumuuliza mwanga unatoka wapi, unaangukia nini, unamwacha nani, naye alijibu, akikosea anarudishwa kwenye trei. Alikabidhiwa kamera mwaka 1977, na Jumamosi tarehe 24 Novemba 1979, katikati ya harusi, balbu ya flashi ikampasukia usoni, kioo kikamchana chini ya jicho la kushoto, akaweka leso shavuni, akasema "Bi harusi, tulia," akamaliza harusi yote kwa mkono mmoja, ndipo akaenda kushonwa nyuzi saba, na kuanzia hapo jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye vitambulisho tu.

Mwezi Februari 1984 aliingia studioni karani wa kike, kijana, wa dirisha la stempu posta, akitaka picha ya kitambulisho, na marehemu, kwa ufundi wa siku zile, alichukua penseli laini akamfuta doa la shavuni ili apendeze, yule dada akaitazama picha, akairudisha mezani, akasema, "Huyo si mimi, kaka, nirudishie doa langu," marehemu akachapa nyingine, akarudishiwa, akachapa ya tatu, akarudishiwa tena kwa sababu safari hii nyusi ndizo zilizokuwa zimepunguzwa, na ya nne akaichapa bila kugusa chochote, ikapokelewa kwa tabasamu. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Agosti 1984, wakajaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 1986, ambaye ni fundi wa majokofu, na wa kike mwaka 1990, ambaye ni mwalimu wa hesabu, na tangu hiyo picha ya nne hadi kufa kwake marehemu hakumfuta tena mtu doa, kunyanzi wala mvi, hata walipomlilia.

Alifungua studio yake mwenyewe tarehe 1 Juni 1991, chumba kimoja chenye pazia la kijivu, stuli mbili na kioo kilichopasuka pembeni, mkabala na duka la dawa, na kwa miaka ishirini na zaidi hakukuwa na mwanafunzi, mchumba wala mtoto mchanga wa mtaa ule ambaye hakukalia stuli zile akaambiwa atulie. Kisha simu zikaingia, kila mtu akawa mpiga picha, benchi la kusubiria likabaki na paka, wapiga picha wenzake wakawa wanazilaani simu kutwa nzima, lakini marehemu hakuwa mtu wa kulaani, alisema anayepiga picha kwa simu tayari amefika nusu ya njia, kwa sababu ameshatamani kitu kisipotee, kilichobaki ni kumvusha.

Siku iliyomwonyesha namna ya kuwavusha ilikuwa Jumanne tarehe 16 Agosti 2016, alipoingia mama mmoja mshona mapazia, ambaye leo yupo nasi hapa, akiwa na simu yenye picha pekee ya mama yake aliyefariki jana yake, picha iliyopigwa jioni, ukumbini, ikatumwa kwenye kundi la familia, ikasambazwa, ikarudi, akataka ikuzwe iwekwe mbele ya jeneza, marehemu akajaribu tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa, na kadiri alivyoikuza ndivyo uso ule ulivyovunjika vipande kama ukuta wa vigae, hadi macho yakawa viraka viwili vyeusi, ikabidi amwambie mwanamke mwenye msiba kwamba mama yake hayumo humo. Aliporudi nyumbani hakula, mkewe akamuuliza kuna nini, akasema, "Watu wanadhani wameweka akiba, kumbe wameweka moshi."

Jumamosi tarehe 3 Septemba mwaka huohuo, saa nne asubuhi, alianza darasa la watu wa simu, mwanafunzi wa kwanza akiwa huyo mshona mapazia, na hakuwahubiria, aliwaambia wapige picha ya mtu mmoja aliyekaa mlangoni, wao kwa simu na yeye kwa kamera, kisha akazichapa zote mbili ukubwa wa daftari, ambapo watu wa simu walishangilia kwamba hakuna tofauti, kisha akazichapa ukubwa wa mlango, ambapo ya simu ilivunjika vipande mbele ya macho yao. Alikuwa na lugha yake nyepesi ya kueleza, kwamba ndani ya simu dirisha la kuingizia mwanga ni kama punje ya dengu, ndani ya kamera ni kama kiberiti, na mwenye dirisha la dengu anaona vizuri jua likiwaka tu, jioni anabahatisha, na kwamba simu ikikuambia imekusogeza karibu inakudanganya, imekukata kipande na kukivuta, wakati lenzi inakwenda kumfuata mtu alipo. Kuhusu ule ukungu wa nyuma ambao simu inautengeneza kwa kukisia, alikuwa na picha ya bwana harusi mmoja aliyemezwa sikio zima na ukungu huo, aliibandika ukutani, na mgeni akiuliza alijibu, "Sikio limebaki kwenye simu, sisi tumebaki na bwana harusi."

Mpwa wake, huyu anayewasomea, alihitimu Novemba 2020, akaandika maombi ya kazi mia mbili na kumi na mawili, akapokea majibu tisa, yote yakianza na unfortunately, akawa anajishikiza kwa kupiga picha za mahafali ya wengine kwa simu yake yenye ufa, na kila Jumamosi alipita mbele ya darasa akitania kwa sauti, "Mjomba, dunia imehama, simu inatosha," mpaka siku moja marehemu, bila kuinua macho kwenye lenzi aliyokuwa akiifuta, akamjibu mbele ya darasa zima, "Hata shahada yako inatosha, mama, mbona bado uko kwangu?" Darasa lilicheka, mpwa akanuna wiki mbili, na ukweli usemwe, hakuwa akipinga kamera, alikuwa akiogopa kujifunza kitu kingine kwa bidii halafu nacho kimwambie unfortunately.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwezi Septemba 2023, Desemba akampakatisha mpwa wake kamera yake ya pili, yenye mkanda wa ngozi uliolika, akasema tu kwamba inahitaji kupumua, nayo ikaenda kupumulia kabatini. Alilazwa hospitali ya wilaya, wodi namba nne, kwa siku kumi na tisa, akaruhusiwa, na Jumamosi tarehe 9 Machi 2024, saa kumi alasiri, akatoa stuli mlangoni mwenyewe, akaketi, shati likimpwaya shingoni, akaita, "Leo nipige, na usiniletee simu." Mpwa aliitoa kamera kabatini, akapiga mara kumi na moja, mara anakata kichwa, mara giza, mara mjomba anageuka kumfukuza paka, na ile ya kumi ndiyo ilimkamata, jicho kali, kovu kila uzi wake, mwanga umemlalia shavuni kama alivyokuwa akifundisha, ila mpiga picha kwa furaha alisahau kutazama kingo, na nyumba nzima ikaegemea kulia. Akaomba radhi, akasema ataunyoosha mlango kwenye kompyuta, marehemu akakataa, akasema, "Mlango umelewa, lakini mimi nipo, uache ulivyo, ukufundishe."

Hali yake ilibadilika mwishoni mwa Aprili, na Jumatatu tarehe 6 Mei 2024, saa nne na dakika arobaini asubuhi, katika wodi ileile namba nne, mkewe akiwa amemshika mkono, marehemu aliaga dunia.

Jioni hiyohiyo kaka mkubwa, ambaye ni mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alileta picha aliyoipiga kwa simu yake wakati wa sikukuu, ameshaichapa, ameshaitia fremu ya dhahabu, marehemu anacheka, mnene, uso laini kama wa mtoto, na mpwa alipoonyesha ile ya mlangoni, mwenyekiti alifoka kwamba ndugu yake hataagwa na watu akiwa mgonjwa, tena na nyumba imepinda, na kwamba mtu asiye na kazi asijitafutie jina kwenye msiba. Mshona mapazia alipouliza kwa upole mbona kovu halipo, simu ikachunguzwa, ikaonekana ililifuta yenyewe bila kuagizwa, kama inavyofuta kila kitu inachodhani ni uchafu, lakini mwenyekiti akashikilia kwamba ndiyo afadhali, na ubishi ukaendelea Jumanne na Jumatano, kikao kikagawanyika, hadi mjane wa marehemu alipotoka chumbani, akaitazama fremu ya dhahabu kwa muda mrefu, akaigeuzia ukuta, akasema, "Huyo si yeye, shemeji, mrudishieni kovu lake." Picha ya mlangoni ilipotoka kuchapwa, ukubwa wa mlango, haikuvunjika hata unywele, kaka mkubwa akasimama mbele yake peke yake, akagusa kovu kwa kidole, akasema, "Ndiye," na leo asubuhi ndiye aliyeibeba mwenyewe hadi hapo mnapoiona.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani walioleta viti na kukesha nasi, mwenye duka la uchapaji aliyekataa malipo, na wanadarasa wote sitini na watatu, mliosimama nyuma na kamera zenu shingoni, kwa heshima ya kutopiga picha hadi mruhusiwe. Ninyi wenye simu hamfukuzwi, tumeni habari za msiba kwa walio mbali, hiyo ndiyo kazi ya simu na inaifanya vizuri, lakini mwenye mzazi nyumbani asingoje yaliyomkuta mshona mapazia, darasa linaendelea Jumamosi, saa nne asubuhi, palepale mkabala na duka la dawa, chini ya mshona mapazia huyo akisaidiwa na mpwa wa marehemu, kwa kuwa ndiye mwenye nafasi.

Mzee Tulia, kwa miaka arobaini na saba ulituambia tutulie, tukatulia nukta moja kisha tukarudi kwenye mahangaiko yetu, leo umetulia wewe, wanaotikisika ni sisi. Pumzika kwa amani, Mjomba. Mlango umelewa, lakini wewe upo.