Mwiko wa Kuvuka Mto

Mwanangu alichukuliwa kabla hajatimiza arobaini, na niliyesema achukuliwe ni mimi mwenyewe, mama yake.

Wakubwa, shikamooni. Wenzangu tuliougua, poleni na safari. Nimeanza na hilo kwa sababu najua baadhi yenu mmelisikia likiwa limeongezwa chumvi. Wapo waliosema mtoto nilinyang'anywa, wapo waliosema nilimtupa. Leo nalileta lenyewe. Kabla sijaugua nilikuwa nikiipelekea redio ya mjini habari za huko kwetu juu, bei ya karoti, njia iliyokatika kwa mvua, kwa hiyo mtanivumilia na utaratibu wangu: niliyoyaona nitasema niliyaona, niliyosimuliwa nitasema nilisimuliwa. Kuna siku ambazo mwili wangu ulikuwepo lakini mimi sikuwepo.

Nilijifungua wakati wa masika. Nyumba yangu iko juu ya Bigwa, ukishavuka mto na kupanda kidogo. Baba wa mtoto hufanya kazi Mikese na hurudi mara chache, kwa hiyo dada yangu mkubwa, anayeishi Kilakala, alikuja kunikalia. Mtoto alikuwa mzima, ananyonya vizuri. Mimi ndiye nilikuwa silali. Si kwamba mtoto alilia. Alilala yeye, mimi nikawa macho, nikisikiliza mto. Mvua ilikuwa imeujaza na ulikuwa ukivuma usiku na mchana.

Ndugu zangu, nawaambia jambo hili polepole kwa sababu ni zito. Ndani ya kile kishindo cha maji nilianza kusikia sauti. Ilisema mtoto si wangu, ni wa mto, na mto unamtaka. Nilijua si kweli. Kisha kukawa na saa ambazo sikujua kama si kweli. Hapo ndipo nilipomwita dada, aliyekuwa anamenya ndizi jikoni.

"Dada, mchukue mtoto."

Akaniuliza kwa nini, amemaliza kunyonya?

"Mchukue tu. Usiniache naye peke yangu hata kidogo."

Dada hakuuliza tena. Anasema aliniangalia machoni, akaacha ndizi, akamfunga mtoto mgongoni mwake. Siku hiyohiyo tulishuka wote hospitali mjini. Safari hiyo siikumbuki, nimesimuliwa. Ninachokumbuka ni muuguzi mmoja aliyevuta kiti akakaa karibu nami, akaniambia kwamba yapo maradhi yanayomjia mama aliyetoka kujifungua, kwamba hayana aibu, na kwamba yanatibika. Nililazwa. Nilipewa vidonge na sindano ya kila mwezi. Ile sauti ikawa mbali, kama mtu anayeongea upande wa pili wa bonde, halafu ikanyamaza.

Niliporuhusiwa, tulikubaliana mtoto akae Kilakala kwa dada mpaka nitengemae, akinywa maziwa ya kopo, na mimi nikakae na mama yangu mzazi kule juu. Hilo liliniuma. Maziwa yaliendelea kutoka, anayenyonya hayupo. Akina mama mlioko huko nyuma mnanielewa, wanaume muulizeni wake zenu mkifika nyumbani.

Sasa akaja mjomba.

Wasio wa huku nawaeleza: kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na kaka wa mama ana neno lake. Mjomba wangu ni mtu wa maneno machache, mkulima wa njegere, na ndiye anayejua majani ya ukoo wetu. Alifika na furushi, akanikagua viganja, akauliza sauti ilikuwa inasema nini. Nilimwambia yote, habari ya mto na mtoto. Akachemsha majani, akanifunika shuka, akanifukiza. Ndugu zangu, nisiwadanganye, ilinisaidia. Ile harufu, ule mvuke usoni, mkono wa mjomba ukishikilia shuka lisidondoke. Nililala usingizi mtamu. Alinipa na majani mengine ya kunywa asubuhi na jioni, na akaagiza nisikae peke yangu: wakipalilia, nami nipalilie, wakisuka ukili, nami nisuke.

Mwisho akaweka mwiko. Nisivuke mto mpaka dawa iishe.

Hapo ndipo lilipokuwa tatizo letu, na si la kusingiziwa mtu. Kliniki iko ng'ambo. Hakuna njia ya kufika mjini kutoka kwetu bila kuvuka ule mto. Mjomba hakuwa anapinga hospitali, hakuwahi kusema neno baya juu yake. Ila hakuna aliyemwambia kuna sindano, na hakuna aliyewaambia wa hospitali kuna mwiko. Kila dawa ilikaa na watu wake.

Siku ya kliniki ilipofika, dada alikuja kunichukua. Tukashuka hadi kwenye mawe ya kuvukia. Miguu ikagoma. Akina mama wa kwetu walikuwa wanapita na mizigo ya kabichi kichwani kwenda sokoni, mmoja akanitania, "Wewe, umekuwa paka siku hizi, unaogopa kulowa?" Wakacheka, nami nikacheka. Nikamwambia dada mjomba amekataza. Dada anamheshimu mjomba kama ninavyomheshimu. Akavuka peke yake, akarudi na vidonge. Sindano haibebwi mfukoni.

Ikawa hivyo mwezi ule na mwezi uliofuata. Muuguzi akiuliza mwenyewe yuko wapi, dada alijibu ana mafua, ana kazi shambani. Aliona haya kutaja mwiko, alihofu watamcheka. Mimi huku nikinywa majani na vidonge pamoja, nalala mchana, ulimi mzito, nikipalilia naangukia kwenye matuta. Nikaona vidonge ndivyo vinavyonichosha, nikaviacha. Majani nikaendelea nayo, kwa sababu yalikuwa ya kwetu.

Mto ukaanza kuongea tena.

Mama yangu anasimulia kwamba alinikuta nimesimama ukingoni nimelibeba furushi la kanga kifuani, nalibembeleza kama mtoto. Nililirusha majini mbele ya macho yake, naye akanivuta nyuma. Hilo silikumbuki hata kidogo. Nalisema hapa kwa sababu ni lazima lisemwe: mtajiuliza ingekuwaje kama siku ile dada hangemchukua mtoto. Mimi hujiuliza.

Dada aliposikia, alikwenda hospitali akamwambia muuguzi kila kitu, mwiko na yote, akisubiri kukemewa. Muuguzi hakukemea. Aliuliza mambo mawili tu: mwiko huo ameuweka nani, na je, anapatikana?

Kesho yake alipanda mwenyewe, amevaa raba, jasho linamtiririka. Alimkuta mjomba uani kwa mama. Nami nilikuwepo, nimekaa kwenye mkeka, na mazungumzo hayo niliyasikia kwa masikio yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunifunga?"

Muuguzi akacheka, akasema amekuja kuomba maji ya kunywa kwanza. Akanywa. Kisha akaeleza habari ya sindano, kwamba ndiyo iliyonyamazisha ile sauti, na kwamba imekatika kwa sababu sivuki. Mjomba akamuuliza, bila ukali, mbona wao wanapompangia mgonjwa dawa hawamwiti mjomba wake wakamweleza. Muuguzi akakubali hawakumwita. Ndiyo sababu ya yeye kupanda, akasema.

Hapo mjomba akatazama chini, akasema jambo ambalo mimi na mama tulikuwa hatujawahi kulisikia likitamkwa pale nyumbani.

"Nilikuwa na dada mwingine, mkubwa kuliko mama yake huyu. Alijifungua, akawa hasemi na watu. Mto ulipojaa akaingia. Tulimpata chini kule. Sasa mpwa wangu ananiambia mto unamsemesha, ulitaka nimwache avuke?"

Mama alijifunika uso kwa kanga. Muuguzi akasema, "Mzee, kumbe tunaogopa kitu kimoja."

Nikitafuta siku iliyonigeuza, huwa naishia hapo uani. Si kwamba nilipona palepale. Niliona tu kwamba watu wawili waliokuwa wamenishika mikono miwili, kila mmoja akivuta upande wake, wameangaliana.

Mjomba alisema mwiko aliuweka yeye na atauondoa yeye. Tulishuka pamoja. Kwenye mto alivua viatu, akatangulia ng'ambo, akachota maji ya upande ule kwa kiganja, akarudi akanipaka miguuni huku akisema maneno ya kwetu ambayo sitayasema mbele ya kipaza sauti. Akanishika mkono, tukavuka. Muuguzi alikuja nyuma amebeba viatu vyake na vya mjomba.

Kule kliniki mjomba alifungua furushi lake juu ya meza ya daktari. Daktari aliyanusa yale majani moja moja, akakiri mengine hayajui. Wakazungumza. Mwishoni walikubaliana kufukizwa kuendelee, mradi maji ya moto yakae mbali nami nisiungue, na kupalilia na kusuka na wenzangu kuendelee. Ya kunywa yakaachwa, kwa sababu hakuna aliyejua yanafanya nini yakikutana na vidonge, na usingizi wangu ulionesha kuna kinachofanyika. Mjomba hilo halikumpendeza. Alilikubali akiwa amenuna, na alinuna mpaka tulipofika nyumbani. Sindano nikachomwa siku ileile.

Tangu hapo natumia vyote viwili, na kila upande unajua upande mwingine unafanya nini. Nikienda kliniki, muuguzi hunikalisha tukaongea. Nikirudi, mjomba huuliza wamesema nini. Zipo siku mbaya. Mvua kubwa ikinyesha huwa namwita mama akae nami, sisubiri nisikie kitu. Na bado nameza vidonge, hata nikijisikia mzima kuliko ninyi nyote.

Nawashukuru. Namshukuru dada aliyeacha ndizi zake, mama aliyenilinda pale ukingoni, muuguzi aliyepanda mlima, mjomba aliyevua viatu. Nawashukuru ninyi mnaokutana hapa, maana hapa ndipo nilipojifunza kulisema jambo hili bila kutetemeka. Kama kuna la kuchukua kwangu, chukueni hili: unachokunywa nyumbani kamwambie daktari, na alichokupa daktari kawaambie wa nyumbani. Msiwaachie wagonjwa kazi ya kuficha. Sisi tuna kazi nyingine ya kutosha.

Mwanangu sasa anakimbia na anaongea. Yuko Kilakala bado. Dada yangu ndiye anayemwita mama, na mimi, kama anavyowasikia watoto wengine wakiwaita wadogo wa mama zao, ananiita mama mdogo. Dada amejaribu kumfundisha kwamba mama ni mimi, mtoto humtazama kama anayetaniwa.

Jumamosi hii atalala kwangu kwa mara ya kwanza. Muuguzi amekubali, na dada atakuwepo. Nitashuka kumchukua, nimfunge mgongoni, nivuke naye mto. Mjomba amesema atatusubiri upande wa juu. Mvua zimeanza tangu juzi, na mtoto anasema atakuja kwa mama mdogo.