Zamu ya Alhamisi

Ndugu waombolezaji, mchungaji wetu, wazee wa kanisa, majirani na wote mliokuja kutushika mkono, familia imemtuma mdogo wake marehemu awasomee safari ya maisha yake, na kwa kuwa marehemu hakupenda habari isiyo na tarehe, tarehe zote zimo humu, wala hakuna hata moja iliyokisiwa.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa kwanza kati ya watano wa seremala na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya mbao, na mama yetu alikuwa akisema huyu alishika rula kabla hajajua kushika kijiko. Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1957 hadi Novemba 1964, kisha sekondari ya bweni hadi mwaka 1968, ambako walimu walimpa kazi ya kuchora mistari ya daftari la mahudhurio, maana waliyochora wao ilikuwa imepinda kweli kweli.

Tarehe 4 Februari 1969 aliajiriwa kuwa karani wa ghala la saruji, akafanya kazi hiyo miaka miwili na nusu, akaenda chuo cha theolojia mwaka 1971, na Jumapili, tarehe 8 Desemba 1974, aliwekewa mikono kuwa mchungaji, siku ambayo mvua ilipiga bati hadi mahubiri hayakusikika, naye alitutania miaka mingi kwamba hayo ndiyo mahubiri pekee ambayo hayakumchosha mtu.

Alifunga ndoa tarehe 16 Agosti 1975 na mwalimu wa chekechea, shemeji yetu mpendwa, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza fundi umeme, wa pili fundi cherehani, na wa tatu alifariki kwa homa tarehe 3 Juni 1986 akiwa na miezi saba, wakati baba yake yuko safarini kuzika mtoto wa watu wengine, jambo ambalo hakulizungumza kamwe. Shemeji alitutoka tarehe 22 Oktoba 2011, na tangu hapo binti yake fundi cherehani ndiye aliyemtunza.

Kanisa hili alilipokea Januari 1981, akalitumikia miaka thelathini na mitatu, nanyi wenyewe mkampa jina la Mchungaji Rula. Wenye umri mnakumbuka mwaka 1988, mwenye mashine ya kusaga alipopata mafua mkapanga foleni mlangoni kwake, na wiki hiyo hiyo mama mmoja mfua nguo akafia chumbani kwake nyuma ya soko, akaonekana siku ya tatu. Marehemu alimzika kwa hasira, nayo hasira ile ndiyo iliyozaa utaratibu wa Alhamisi, kwamba mchungaji na wazee wawili watawafikia wagonjwa wakiwa na Meza ya Bwana, kwa kufuata kitabu cha waumini, zamu kwa zamu, wala hakuna atakayeruka foleni, awe nani.

Alistaafu Jumapili, tarehe 29 Juni 2014, akakabidhi funguo, muhuri na kitabu chenye majina 1,412 kwa mwandiko wake, kisha akasimama hapa mbele, akawaambia kwamba sasa mna mchungaji mwingine, na atakayepeleka shida za kanisa nyumbani kwake atalikuta geti limefungwa. Mlicheka, mkidhani Rula anawatania. Mwezi Julai walikwenda akina mama wa kwaya kulalamikia nyimbo mpya, akawasikiliza wakiwa wamesimama nje ya geti na miavuli yao, akawarudisha, Agosti wakaenda wazee wawili, nao akawarudisha, na mwaka ulipoisha hapakuwa na mtu aliyebisha hodi. Mlimtii, wala hatuwalaumu, ingawa sisi wa familia tulikuwa tunaomba angalau mmoja wenu awe mkaidi.

Jambo ambalo hakuna aliyeliona, hata yeye, ni kwamba mchungaji hayumo katika kitabu cha waumini, jina lake hukaa makao makuu pamoja na ya wachungaji wenzake, na akistaafu hutolewa huko ili aandikwe kanisani kama muumini wa kawaida. Aliyeandika watu 1,412 alisahau kujiandika yeye.

Tarehe 9 Machi 2015 aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume, akalazwa mara nne, na tarehe 2 Novemba madaktari wakamrudisha nyumbani na dawa za maumivu, kwa kuwa hawakuwa na kingine cha kumpa. Tangu wiki hiyo, kila Alhamisi saa tisa alasiri, aliomba kiti chake kielekezwe getini, akakaa hadi jua linazama, na binti yake alipotaka kuwapigia simu wazee alimkataza, akisema wapo wanaoumwa kuliko yeye na zamu yake haijafika. Mwezi Februari binti alikwenda ofisi ya kanisa kimyakimya, karani, ambaye ni mgeni na mwangalifu, akakagua kitabu mara mbili, hakuona jina, akamwomba alete barua ya uhamisho, naye akarudi kwenye cherehani yake bila kumwambia baba, akaharibu gauni la mteja siku hiyo.

Alhamisi, tarehe 12 Mei 2016, mdogo wake anayewasomea haya alimkuta kwenye kile kiti, akapata habari yote kwa binti, akashindwa kuvumilia, akamwambia, kaka, jina lako halimo kitabuni. Alicheka hadi maumivu yakamkamata. Jumapili tarehe 15 aliandikwa namba 1,530, na mchungaji wetu, kwa uchungu mkubwa, alitaka kwenda kwake siku ile ile, marehemu akakataa, akauliza Alhamisi watakuwa wangapi mbele yake, akaambiwa sita, akasema basi yeye ni wa saba. Jumatatu alinyolewa, akaagiza shati jeupe lipigwe pasi. Jumanne tarehe 17, saa nne asubuhi, alifariki.

Alhamisi mchungaji na wazee walifika hata hivyo, wametoka kwa yule wa sita, wakiwa na mkoba wa Meza ya Bwana, wakatukuta tunatoa viti nje. Mkoba haukufunguliwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, wachungaji wenzake, karani aliyetuangukia akilia bila kuwa na kosa lolote, na majirani, hasa fundi viatu wa nyumba ya pili, ambaye si wa dini yetu wala hakuhitaji kitabu chochote, aliyemnyoa na kumgeuza kitandani miezi sita. Familia inaomba jambo moja tu, utaratibu wa Alhamisi usifutwe, lakini kabla ya kufungua kitabu, piteni kwanza mkiangalia mageti.

Kaka, shati uliloagiza lipigwe pasi ndilo ulilolivaa, na watu wako wote wamekuja. Pumzika kwa amani, zamu yako imefika.