Nyumba ya Cibitoke Isiwekwe Rehani Tena

Sogeeni karibu, wanangu. Nawal, niinulie mto, na we Massoudi kaa hapa nikuone, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Atumani, zima redio. Ninayosema leo nayasema nikiwa na akili zangu, alhamdulillahi, na nataka nyote watatu myasikie pamoja, asije mmoja akamwambia mwenzake kwamba mama alimnong'oneza yeye peke yake.

Nyumba hii marehemu baba yenu Suud aliianza wakati wa amani, Cibitoke yetu hapa Bujumbura ilipokuwa ikinuka ndagala wa kukaanga kila jioni na cherehani zikilia kila kibaraza. Benki ilimpa kredi, naye akaiweka nyumba yenyewe rehani, hati ya parseli, ya kiwanja chetu, ikabaki kwao mpaka deni liishe. Hatukuogopa, kwa sababu duka la vitenge lilikuwa linakwenda na Suud alikuwa mtu wa kulipa kabla ya kuulizwa. Siku ya kupandisha bati walikuja majirani wa kila kabila na kila dini, Dévote wa nyumba ya pili akaleta sufuria la maharage kichwani, baba yenu akaimba mpaka sauti ikamkauka, na jua lilipozama hakuna aliyetaka kwenda kwake. Nikifumba macho siku hizi, ni hiyo inayokuja kwanza.

Kisha vita. Watu waliokula sahani moja wakaanza kuogopana, kartie, mitaa yetu hii, zikagawanyika, nasi tukakimbilia Buyenzi kwa dada yangu na nguo tulizovaa. Baba yenu akavuka mpaka kwenda Uvira, Kongo, kutafuta bidhaa, asirudi. Tuliletewa habari tu, kaburi hatukuonyeshwa. Lakini deni halikufa naye. Nilikuwa nikizunguka njia nyingine mjini nisilione jengo la benki, kama kwamba nisipoliona, nalo halitaniona.

Ndipo akaja Darius, mshirika wa baba yenu dukani, mtu aliyekula kwenye mkeka wetu miaka mingi. Akaniambia benki inaipiga nyumba mnada, na tena imeungua, zimebaki kuta. Nimwuzie yeye, atalipa deni, halafu amani ikirudi tutaingia kama wapangaji wake. Karatasi alikuwa nayo, na kalamu. Nilikuwa nimechoka, wanangu, na mkono wangu ulikuwa unaiendea kalamu. Nikamwambia ngoja kwanza niswali.

"Shemeji," akasema, "benki haingoje mutu aswali."

Neno hilo ndilo lililourudisha mkono wangu. Suud asingesema hivyo kwa mjane wa mtu.

Asubuhi nikaingia benki. Aliyeshika madeni yaliyokwama aliitwa Pontien, kijana mwembamba mwenye tai. Hakunifokea. Alisema walinitafuta sana, na mtu asipofika wao humhesabu amekimbia. Mnada ulikuwa karibu, na bei ilikuwa imeshushwa sana kwa kuwa kuna mnunuzi aliyewaambia nyumba ni magofu. Sikuuliza jina la mnunuzi. Nilimwuliza kama yeye ameiona kwa macho.

"Apana, mama. Kule mi siwezi kufika."

Nilimwelewa, wakati ule kabila la mtu lilitosha kumfanya asirudi nyumbani. Nikamwambia hata mimi naogopa, lakini nitatangulia mbele. Kwa nini alikubali, mpaka leo sijui. Tulipita kizuizi cha askari, tukaingia mitaa iliyoota majani milangoni, mimi mbele na yeye nyuma.

Nyumba ilikuwa nzima. Moshi ulitoka uani. Dévote akajitokeza na ufagio; nyumba yake ndiyo iliyoungua, akaingia kwetu, akarudisha mabati yaliyong'olewa, na kila mwizi aliyekuja alimwambia hapa ni kwangu. Alipomwona Pontien alishtuka, na Pontien naye akarudi hatua. Hawakuulizana wa wapi. Dévote alimletea kiti na maji, na yule kijana akanywa. Basi, hapo nilijua Bujumbura haijafa yote.

Pontien akagonga kuta, akatazama dari, akasema ataisimamisha habari ya mnada. Akanifundisha niombe kwa maandishi niongezewe muda, nipangishe vyumba vya mbele, nilipe kidogo kidogo bila kukosa, na kila malipo nipewe risiti yenye muhuri. "Usikubali neno la mdomo," akasema, "hata likiwa langu." Mnakumbuka tulivyoishi chumba kimoja cha nyuma na Dévote, mkilalamika joto, mkicheka. Mlidhani ni umaskini. Mimi niliona tunajenga mara ya pili. Deni liliisha kabla ya mvua zilizopita, na hati imo sandukuni mwa Nawal. Nilikwenda kumshukuru Pontien, nikaambiwa amehama. Mwombeeni.

Sasa shikeni haya. Mkizidiwa na deni, nendeni kwa anayewadai mapema, mkiwa bado na cha kumwambia, msijifiche. Karatasi iliyoletwa nyumbani na mtu mwenye haraka msiitie saini. Nyumba hii isiwekwe rehani tena bila ninyi watatu kuketi na kukubaliana. Mtairithi kama sheria yetu inavyogawa, ila fungu ninaloruhusiwa kumpa asiye mrithi nampa Dévote: chumba cha nyuma ni chake maisha yake yote, na asidaiwe kodi. Darius akija mazikoni msimfukuze. Mpeni kiti, mpeni chai. Mimi nimemsamehe. Ila biashara naye, hapana.

Maji kidogo... ahsante, mwanangu.

Nizikeni mapema, msingoje watu wa mbali. Msibishane juu ya chakula. Massoudi, we una hasira za upesi, mfuate dada yako. Atumani... rudi shule. Mungu awape riziki isiyo na fitina. Awalaze salama, na milango yenu iwe... iwe wazi kwa mwenye kukimbia.

Mwiteni Dévote aache vyombo. Aje akae hapa... hapa, ubavuni kwangu. Msiseme neno. Nataka nisikie tu pumzi zenu, nijue mko wangapi.